Nusu Sahani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni. Shule niliiachia darasa la nne, na binti yangu anasema mwandiko wangu unatembea kama kuku aliyenyeshewa. Haya, acha utembee.

Sababu ni hii. Jumamosi tulifundishwa shuleni, wafanyakazi wote, namna ya kuwalinda watoto. Mimi nilijua ni mambo ya walimu, nikaenda na kisu changu cha vitunguu nikidhani nimeitwa kupika. Mkufunzi, mama mmoja mwembamba asiyepandisha sauti, akaniambia, "Dada mpishi, kisu weka chini. Njoo ukae mbele." Nikakaa mbele kama mtundu aliyehamishwa dawati.

Alisema mtoto mwenye shida mara nyingi haendi kwa mwalimu. Anamzungukazunguka anayempakulia chakula, au anayemfungulia geti. Kwa hiyo na sisi ni macho ya shule. Kila mmoja akapewa daftari. Andika tarehe, saa, ulichokiona, na alichosema mtoto kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike unachodhani. Usimhoji mtoto kama askari. Usimwahidi kwamba utamfichia siri. Kila Ijumaa madaftari yote yanakaa kwenye meza moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu na yanasomwa pamoja.

Nikanyoosha mkono. "Na ninachokiogopa nikiandike wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba wake akanipa daftari la pili. "Hili la nyumbani," akasema.

Basi ndilo hili. Majina ya watoto hayataingia humu. Mkufunzi alisema jina la mtoto si kitu cha kutembezwa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kuni mbichi. Moshi umenitoa machozi, mlinzi akaniuliza nani kafa.

Huyu mlinzi tunamwita Saa Mbovu, maana saa yake ya mkononi ilisimama hata kabla sijamfahamu na bado anaitazama kila dakika. Leo ameniwekea mkono masikioni nisikilize. Inalia! Kanunua betri, eti hawezi kuandika saa za uongo kwenye daftari la serikali.

"Si la serikali, ni la shule."

"Dada, mimi nimekabidhiwa kalamu. Niache."

Ijumaa, 7 Machi

Kuna mtoto wa darasa la tatu, wa kike, ana kama miaka tisa. Nitamwita Kijiko, kwa sababu anakuja na kijiko chake mwenyewe kimefungwa kwa uzi shingoni. Anakula mpaka katikati ya sahani, kama kuna mstari umechorwa pale, kisha anaacha. Nusu iliyobaki anaimimina kwenye kopo la siagi, anafunika, anaweka kwenye begi. Wiki nzima nimemtazama. Wiki nzima mstari ni ule ule.

Leo nikamvuta pembeni, nyuma ya masufuria.

"Kijiko, hiyo nusu ni ya nani?"

"Ya baadaye, Mama Jikoni."

"Baadaye ya nani?"

Akatazama viatu vyake. "Usimwambie mtu."

Na mimi nikajibu, "Siwezi kumwambia mtu, mwanangu. Hii ni siri yako na yangu."

Siku sita tu tangu nifundishwe! Yalinitoka kama maziwa yanavyofura sufuriani, unayaona na huwahi. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, nikashindwa kuyarudisha.

Kwenye daftari la shule sikuandika kitu. Mtoto haruhusiwi kutoa chakula nje ya geti, na nikiandika, kesho atanyang'anywa kopo. Nimeona bora nimwongeze upawa mmoja, kimyakimya.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wali umeungua chini. Wamekula hivyo hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Namwongezea upawa, lakini yeye anakula kiasi kile kile cha zamani. Kilichoongezeka ni kopo. Sasa amekuja na kubwa zaidi.

Nimekwazika na mama yake, hata simjui. Mama gani anamwacha mtoto wa miaka tisa agawe tumbo lake? Nimemwaza nikiwa naosha masufuria, nimemsugua yeye badala ya sufuria.

Jumatatu, 17 Machi

Mtaro wa nyuma ya soko umejaa. Watu wamepanga matofali ya kukanyagia. Hakuna lingine.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeona aibu, acha niiandike yote.

Madaftari yalikuwa mezani. Mwalimu Mkuu alianza na la Saa Mbovu, maana ameandika kama karani wa mahakama. "Saa 6:12 mtoto wa darasa la tatu, mwenye kijiko shingoni, katoka kwa tundu la uzio nyuma ya vyoo. Saa 6:41 karudi, viatu matope." Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Jana hivyo.

Kisha la mwalimu wa darasa la tatu. Huyu ni kijana, viatu vyake vinang'aa hata msimu huu, na mimi sijawahi kumpenda, anaongea na watoto kama anasoma tangazo. Ameandika kwamba mtoto analala mezani kipindi cha saa saba, na kwamba alipomuuliza, alisema, "Nimekimbia."

Kisha langu. Mwalimu Mkuu akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Mama, wewe unampakulia kila siku. Hakuna kitu?"

Pale pale nikaelewa kwamba kopo halingoji jioni. Linatoka kwa tundu la uzio saa sita. Kuna mtu huko nje anayelisubiri. Nilikielewa kitu hicho kama mtu anavyoelewa kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani, na mdomo wangu ukasema, "Hakuna, Mwalimu."

"Basi ni utoro," akasema mwalimu wa darasa la tatu. Hakusema kwa ubaya. Alisoma tu kilichokuwepo mezani.

Wameamua tundu lizibwe Jumatatu.

Jumatatu, 24 Machi

Limezibwa kwa waya, mafundi wawili, saa nzima. Saa sita Kijiko alikula nusu yake, akaenda nyuma ya vyoo, akarudi. Akaenda tena. Alisimama pale uzioni kwenye mvua, kopo amelikumbatia. Saa Mbovu akamwita aje ajikinge kibandani, hakwenda. Kengele ilipolia alinipita bila kunitazama na kopo bado lilikuwa limejaa, nililijua kwa alivyolibeba.

Jioni nimemsomea binti yangu kurasa hizi. Yuko kidato cha tatu, ndiye anayenisahihishia herufi. Leo hakusahihisha. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kidevu.

"Mama, umekosea daftari."

"Vipi?"

"Haya yote ungeyaandika kule. Hata hofu hakuna humu. Umeona kopo, umeona nusu, umesikia alivyosema. Hayo si ndiyo wanayoyataka?"

"Nilimwahidi mtoto."

"Ulimwahidi ili nani alale vizuri? Yeye au wewe?"

Miaka kumi na saba! Nimemlea mwenyewe, sasa ananihukumu. Na ana haki.

Kesho siwashi moto kabla sijaingia ofisini.

Jumanne, 25 Machi

Miaka kumi na moja napika shule ile na leo ni mara ya kwanza jiko limewashwa saa nne.

Nilifika saa moja kasoro robo, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mwalimu Mkuu alikuwa anapangusa maji yaliyoingia chini ya mlango wa ofisi. Nikasimama na daftari kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini nilipofungua mdomo maneno yakatoka yamenyooka, moja baada ya jingine. Nusu sahani. Kopo. Tarehe saba nilimuuliza, akasema ya baadaye, akasema nisimwambie mtu, nami nikaahidi. Ijumaa nilisema hakuna, na haikuwa kweli.

Nilingoja anifokee. Akaweka tambara chini.

"Kwa hiyo hatoroki," akasema. "Anapeleka chakula. Na sisi jana tumemzibia njia."

Hapo mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mwavuli unadondosha maji. Alisikia yote. Akasema, "Na mimi nimemwita mtoro mbele ya darasa." Sikulitegemea neno hilo kutoka kwake.

Kijiko aliitwa. Mwalimu Mkuu hakukaa nyuma ya meza, alivuta kiti akakaa karibu naye, akamwambia hana kosa. Akamuuliza kitu kimoja tu: "Chakula unampelekea nani?"

Mtoto akanitazama mimi. Sitausahau mtazamo ule. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja tarehe, "Mdogo wangu. Yuko ndani. Mlango naufunga kwa kamba asitoke akaangukia mtaroni. Jana hajala mchana."

"Ana umri gani?"

"Miwili. Bibi ndiye alikuwa anakaa naye. Bibi amelazwa."

"Na mama?"

"Yuko kazini. Anarudi jioni."

Mtaroni. Nje mvua ilikuwa inapiga bati hadi tunaongea kwa kelele.

Tulikwenda mimi, Mwalimu Mkuu, mwalimu wa darasa la tatu na Kijiko akituongoza. Saa Mbovu aliachwa na simu ampigie afisa ustawi wa jamii, na alitazama saa yake akaandika kabla hatujafika hata getini. Njia ni ile ya nyuma ya soko. Matofali ya kukanyagia yalikuwa yamefunikwa, huoni pa kuweka mguu. Yule kijana akakaa kwenye ngazi ya duka, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akaviacha pale pale, akakunja suruali. "Mama, nishike bega," akaniambia. Nikamshika.

Ni nyumba ya vyumba sita kwenye ukumbi mmoja, kila chumba na mlango wake, na majirani wote walikuwa wametoka kwenda kutafuta riziki. Chumba chao ni cha mwisho, karibu na mtaro. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango. Kamba ilikuwa imelowa, fundo limekaza, nikalivuta nikashindwa. Kijiko akanisogeza pembeni, akalifungua kwa meno.

Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Kitandani, katikati ya godoro, alikaa mtoto mdogo amejifunika ndoo ya plastiki kichwani kama kofia. Alipomwona dada yake akaivua, akasema, "Mvua!" Akacheka.

Mimi ndiye niliyelia. Mwalimu wa darasa la tatu alimbeba mabegani, na njia yote yule mdogo alimshika masikio kama anaendesha pikipiki.

Tukawaweka jikoni kwangu, ndipo nikawasha moto. Kijiko alikaa kwenye ngazi, mgongo wake kwangu.

"Ulisema hutasema," akasema.

Nikachochea kuni.

Mama yao alifika saa sita. Anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, simu ilimkuta huko. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu tarehe kumi na tatu, yamekaa kinywani yameiva. Aliingia anakimbia, buti za kazini bado miguuni, mikono imebabuka kwa dawa za kufulia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmewachukua?"

"Wapo," nikasema. "Wanakula."

Akakaa chini sakafuni, kwenye maganda yangu ya vitunguu. Akasema alipangiwa zamu ya alfajiri mwezi uliopita, wiki ile ile mama yake alipoanguka. Akasema aliogopa kuomba msaada, maana ukisema umewaacha watoto peke yao, wanakuja kuwachukua. Alisema, "Dada, ningefanyaje?"

Nilimwekea chakula. Maneno yangu yote yalinirudia mwenyewe, nami ninajua kwa nini, ila nimechoka. Nitaandika kesho.

Jumatano, 26 Machi

Hii ndiyo sababu. Binti yangu alipokuwa na miaka miwili, nilikuwa nafua nguo kwenye nyumba za watu na sikuwa na wa kumwachia. Nilimfunga mguu kwa shuka kwenye mguu wa kitanda, fundo laini, na kikombe cha maji karibu. Miezi minne. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Leo baada ya chakula nimemwambia yeye.

"Nalikumbuka lile shuka," akasema. "Lilikuwa na maua. Nilikuwa nayahesabu, nafika matano narudi moja."

Nilitaka kufa. Akanishika mkono wenye sabuni.

"Hakuna aliyekuja kukuuliza, Mama. Ndilo lililokosekana. Kama angekuja mtu mmoja tu akakuuliza."

Jumatatu, 31 Machi

Afisa ustawi amekuja mara mbili. Nilidhani atakuja na karatasi za kutisha. Amekuja na buti na maswali ya maana: mama anatoka saa ngapi, nani yuko karibu, bibi anaendeleaje. Hospitali imembadilishia mama zamu, aende saa mbili, baada ya kuandikiwa barua. Yule mdogo atakaa kwenye chumba cha watoto wadogo hapa shuleni. Umri haujatosha kwa miezi michache. Mwalimu Mkuu amesema miezi michache ataibeba yeye. Na afisa atapita nyumbani kwao kila wiki mpaka aridhike.

Wamehamia chumba cha pili kutoka barabarani. Pakavu.

Jumatano, 9 Aprili

Kijiko hanisemeshi. Anapanga foleni kwenye dirisha la msaidizi wangu. Bado anakula nusu, ijapokuwa mdogo wake anakula vyumba viwili tu kutoka hapo. Kopo anarudi nalo nyumbani, hana wa kumpa.

Mwalimu wa darasa la tatu amemwomba msamaha mbele ya darasa, pale pale alipomwita mtoro. Viatu vyake vilivyobaki dukani havikupatikana. Amenunua vya raba. Nimempa ukoko wa wali, anaupenda.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Nusu sahani.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nusu sahani. Nilitaka kumwongeza upawa nikajizuia. Upawa ndio ulionikosesha.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemfuata. Alikuwa bombani anaosha kijiko chake. Nikachuchumaa, magoti yakalia kama mlango mkavu, akakaribia kucheka.

"Nilikuahidi kitu nisichopaswa kukuahidi," nikamwambia. "Kosa ni langu, si lako. Ningekuambia tangu mwanzo: nikiona uko hatarini, nitamwambia mtu wa kusaidia, na nitakuambia ni nani."

Akaendelea kuosha.

"Na ungeniambia hivyo, nisingekwambia," akasema.

"Huenda. Lakini ningekuwa nimekuambia kweli, na jicho langu lingebaki kwako."

Akakitazama kijiko kama anatafuta doa. "Mdogo wangu siku hizi anajua kuimba," akasema, akaondoka. Mimi nimelihesabu hilo kuwa ni mazungumzo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mkufunzi amerudi. Aliuliza nani ana la kusimulia. Wote wakatazama meza. Nikasimama.

Nilisimulia kosa langu lote, walimu ishirini na wawili wananisikiliza. Nikasema huruma ya mpishi ni kuongeza upawa, na upawa wangu ulificha njaa ambayo mwalimu angeiona. Mlinzi aliona miguu, mwalimu aliona usingizi, mimi niliona sahani. Vitu vitatu vikiwa kwenye meza moja ni mtoto. Kimoja kikikosekana ni mtoro. Nikasema pia ya shuka lenye maua. Hilo halikuwa kwenye mpango, limetoka lenyewe.

Mwalimu mmoja mzee akapangusa miwani muda mrefu. Mkufunzi akasema kuanzia sasa mafunzo yake yataanzia jikoni.

Saa Mbovu akaninong'oneza, "Dada, umeongea dakika kumi na nne."

Jumanne, 6 Mei

Amerudi kwenye dirisha langu. Alinyoosha sahani tu. Nikapakua upawa wa kila mtu, wala si zaidi. Amekula akapita mstari wa katikati kidogo, kama vijiko vitatu. Nimeandika kwenye daftari la shule: vijiko vitatu.

Jumatatu, 12 Mei

Jua la saa mbili nzima. Nimeanika magunia.

Ijumaa, 16 Mei

Muhula umefungwa leo na mvua imekatika. Bibi yao ametoka hospitali, anatembea kwa fimbo. Mama yao alipita asubuhi kabla ya kazi, akaniletea kipande cha sabuni ya hospitalini, eti hakuna doa linaloishinda. Tukasimama tukaongea habari za mikono yetu, namna ngozi inavyopasuka, kama watu waliofahamiana siku nyingi. Huyu ndiye niliyekuwa namsugua kwenye masufuria.

Saa sita Kijiko alikuja na mdogo wake kamshika sketi. Mdogo naye ana kijiko shingoni, kwa uzi. Wakakaa kwenye ngazi yangu, kila mtu na sahani yake. Nilijifanya nafagia.

Alirudisha sahani mwenyewe, akaiweka dirishani. Tupu, imekombwa.

"Mama Jikoni."

"Naam, mwanangu."

"Leo chumvi imezidi."

Saa Mbovu alicheka mpaka akashika geti. Mimi nikachukua daftari la shule, nikaandika: "Saa 6:27. Sahani imerudi tupu. Amesema, 'Leo chumvi imezidi.'"

Jioni hii nimefungua hili la nyumbani, nikatafuta ninachokiogopa ili nikiandike. Nimekaa nimetafuta kweli, hata chai imepoa. Sijakipata. Basi nikachukua maharage ya mchana niliyobakiza kwenye bakuli, nikaonja.

Mtoto amesema kweli.